Cotswolds, Cornwall au Norfolk: ukodi wapi nyumba ya likizo ya kujipikia?

Vyumba vitatu vya hoteli kwa familia ya watu sita, na shangazi aliyekuja kutembea kutoka Dar, ni bei ya kutoa machozi, na bado hakuna pa kusongea ugali. Ndipo wazo la kukodi nyumba nzima huko mashambani au ufukweni Uingereza linapokuja. Tatizo ni kwamba picha mtandaoni zinafanana zote: ukuta wa mawe, waridi mlangoni, kuni zinawaka sebuleni. Tofauti zenyewe hazionekani pichani. Hapa tunalinganisha sehemu tatu ambazo watu hukwama kati yake: vijiji vya Cotswolds (vilima vya bara, magharibi ya Oxford), rasi ya Cornwall (pembe ya kusini-magharibi), na pwani ya kaskazini ya Norfolk (mashariki).

Tutakavyozipima

Kufika. Nyumba nyingi hubadilisha wageni Ijumaa au Jumamosi. Unaingia saa 10 jioni, unatoka saa 4 asubuhi, kwa hiyo wapangaji wa nchi nzima wako barabarani siku moja. Mwenye leseni ya Kenya, Uganda au Tanzania anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12, na upande wa barabara ni ule ule wa kushoto. Kampuni za kukodisha magari ndizo zenye masharti ya ziada ya umri, na gari la otomatiki huwa ghali kuliko la gia.

Nyumba yenyewe. Maneno "inalaza watu 6" yasome mara mbili. Mara nyingi ni vyumba viwili na kochi la kukunjua sebuleni, na anayelala pale hapati usingizi mpaka wa mwisho azime televisheni. Omba mchoro wa vyumba. Uliza ngazi zikoje, maana nyumba za karne zilizopita zina ngazi za kusimama kama za kupandia darini, na choo huenda kiko ghorofa moja tu. Jambo jingine: nyumba nyingi hupokea wageni wenye mbwa. Anayeswali sebuleni, au mwenye mtoto wa pumu, achuje mapema zile zisizoruhusu wanyama, asitegemee kwamba zulia limefagiwa.

Jiko na duka. Hapa ndipo likizo nyingi huharibika siku ya kwanza. Nyumba zilizokarabatiwa zina majiko ya induksheni, kioo kitupu kisichopasha sufuria ya alumini hata kidogo. Ile sufuria nyepesi iliyotoka Kariakoo utaiweka, jiko litapiga mlio, litaonyesha alama, litajizima. Jaribu kwa sumaku ya friji ukiwa bado nyumbani: ikinata kwenye kitako, sufuria itafanya kazi, isiponata, iache kabatini. Sufuria utakazokuta mle ni za lita 2 au 3, na miiko ni myembamba ya kukorogea supu, haihimili ugali wa watu sita. Beba sufuria moja ya chuma ya lita 6, mwiko wako, na unga: gramu 150 kwa mtu mzima kwa mlo, yaani kilo 2 ni milo miwili ya familia hiyo na kidogo cha akiba.

Chapati nazo zina adabu yake. King'ora cha moshi kiko hatua chache tu kutoka jikoni, na mara nyingi jiko na sebule ni chumba kimoja. Washa feni ya kufyonza moshi kabla ya chapati ya kwanza, fungua dirisha, moto uwe wa wastani. Usikifunike king'ora kwa mfuko. Ni hatari na ni kuvunja masharti ya upangaji. Mafuta yakipoa yatie kwenye chupa ya plastiki uitupe na takataka. Nyumba nyingi za shamba hazijaungwa na bomba la maji taka la mji, zina tangi chini ya bustani. Mafuta na vitambaa vya kufutia watoto vikiziba huko, maji machafu hurudi juu bafuni, na usiku wa Jumamosi fundi hapatikani.

Jua na mvua, yaani kuna nini cha kufanya kila hali ya hewa. Na mwisho, panapokwama: kasoro ya mahali ambayo tangazo halitaitaja.

Plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya Nairobi na Dodoma. Mgeni wa Bujumbura au Kinshasa ndiye atakayehitaji adapta.

Cotswolds

Kufika. Ni karibu kuliko zote kwa mtu wa London. Treni ya Paddington hadi Moreton-in-Marsh ni kama saa 1 na dakika 40. Kwa gari ni saa 2 hivi kupitia barabara kuu ya M40 na Oxford. Kutoka Birmingham ni takriban saa 1. Asiye na gari akae Moreton au Stow-on-the-Wold, kwa sababu basi 801 linaunganisha Moreton, Stow, Bourton-on-the-Water na Cheltenham. Vijiji vya pembeni vina mabasi ya kuhesabu kwa vidole, na Jumapili hali ni mbaya zaidi.

Nyumba. Ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, kuta nene za kutosha kukaa dirishani. Kiangazi ndani kunapoa vizuri. Majira ya baridi ukuta ule ule huchukua siku nzima kupata joto, na mtandao wa simu hukatika ukiingia ndani. Nyingi zinalindwa kisheria kama majengo ya kale, hivyo mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha madirisha apendavyo. Boriti za dari ziko chini. Mtu mrefu atagonga kichwa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kuni kwa kawaida unapewa kikapu cha kwanza, vinavyofuata unanunua.

Jiko na duka. Maduka ya chakula yapo Moreton, Stow na Cirencester. Nyama ya halali usiitafute vijijini: pitia Cowley Road mjini Oxford ukiwa njiani, au Gloucester ambako pia kuna misikiti kwa swala ya Ijumaa. Jumanne kuna soko la wazi Moreton.

Jua na mvua. Eneo hili lilitajirika kwa sufu ya kondoo zama za kati, ndiyo maana kijiji kama Northleach kina kanisa kubwa kupita ukubwa wake. Njia ya miguu ya Cotswold Way ina kilomita 164 kutoka Chipping Campden hadi Bath, lakini huhitaji kuimaliza. Kutoka Bourton hadi Lower Slaughter ni kama kilomita 2, tambarare, inatembeka na mtoto wa miaka mitano. Ikinyesha kuna sakafu za mozaiki za Warumi kwenye makumbusho ya Corinium, Cirencester, na miji ya Oxford na Bath haiko mbali.

Panapokwama. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni watalii humiminika Bibury na Bourton kama abiria wa daladala za Posta jioni. Nyumba yenye mlango uliotazama barabara itachunguliwa dirishani, na watu watapiga picha mkiwa mezani. Chagua vijiji vilivyojitenga kidogo kama Blockley au Guiting Power. Na hakuna bahari, saa 2 upande wowote. Watoto walioahidiwa ufuo watakukumbusha kila siku.

Inawafaa: wanaotaka usiku tatu tu, wasiopenda kuendesha mbali, wazee wanaopenda kutazama na kunywa chai, na safari za baridi.

Cornwall

Kufika. Ndipo penye gharama, na si ya fedha tu. London hadi St Ives ni kama kilomita 450. Siku tulivu ni mwendo wa saa 5 na nusu. Jumamosi ya Agosti, barabara za M5 na A30 zikijaa, hesabu saa 7 au 8. Kwa gari, tafuta nyumba ya kubadilisha wageni Ijumaa au katikati ya wiki, au toka kabla ya saa 11 alfajiri ule chakula cha mchana njiani. Kwa treni, Paddington hadi Penzance ni takriban saa 5, na ipo ya usiku yenye vitanda. Ukishuka St Erth, treni ndogo ya kwenda St Ives hupita juu kabisa ya ghuba. Kaeni madirisha ya kulia.

Njia za ndani ni nyembamba, zimefungwa na kuta za udongo na majani pande zote mbili, na magari hayapishani. Aliye karibu na kipenyo cha kupishania ndiye anayerudi nyuma. Kama kurudi nyuma mita 80 kwenye kona kunakutoa jasho, usikodi gari kubwa. Ramani ya simu haijui upana wa gari lako, itakuingiza katikati ya vichochoro vya kijiji cha Port Isaac. Polperro wageni huacha magari juu ya kijiji, wakateremka kwa miguu.

Nyumba. Mjini ni za wavuvi: granaiti, paa la vigae vya mawe, vyumba vidogo, ngazi nje na ndani. St Ives sehemu ya zamani karibu na bandari haina maegesho mlangoni. Maneno "maegesho ya umma jirani" yana maana ya kulipia kila siku na kupanda mlima na mabegi. Unyevu ni wa kawaida, mashuka yakionekana mabichi kidogo si uvivu wa msafishaji. Nje ya miji kuna mabanda ya shamba yaliyogeuzwa makazi, mapana na yenye maegesho, lakini ufuo ni mwendo wa gari.

Jiko na duka. Kwa mpenda samaki hakuna pa kushindana napo. Bandari ya Newlyn ni soko kubwa la samaki, na kiangazi huja samaki ndugu kabisa wa vibua wetu, mgongo wenye mistari, nyama ya mafuta. Tui la kopo linapatikana kila supamaketi, ndimu pia; samaki wa kupaka anapikwa kwenye griili ya oveni kwa dakika 10 hivi, umgeuze mara moja. Kwa hiyo suala la nyama ya halali hupungua uzito. Anayeihitaji anunue Bristol au Plymouth, aigandishe, aibebe kwenye kisanduku cha barafu.

Jua na mvua. Hapa tukae kidogo, kwa sababu bahari hii si ile ya Bamburi wala Nungwi. Agosti maji huwa nyuzi 16 hadi 18. Mtoto aliyezaliwa Mombasa ataingia, atapiga kelele, atatoka. Kodi suti ya mpira ufukweni, atakaa saa nzima. Pwani ya kaskazini, Newquay na Polzeath, ina mawimbi ya kuteleza na ubao. Ya kusini, Falmouth na Fowey, ni tulivu zaidi.

Bendera zisomeni kabla ya kuvua viatu. Nyekundu juu ya njano: oga hapo katikati, walinzi wanaangalia. Nyeusi na nyeupe: eneo la mbao za mawimbi. Nyekundu tupu: hakuna kuingia. Mkondo ukikuvuta nje, usishindane nao. Kama unasimama, tembea. Kama husimami, ogelea sambamba na ufuo mpaka uutoke, au elea huku umeinua mkono. Simu ni 999, omba walinzi wa pwani.

Halafu kuna kupwa na kujaa. Unguja na Mombasa bamvua hupandisha maji karibu mita 4. Pwani ya kaskazini ya Cornwall hufika mita 6 au 7. Kosa linalorudiwa ni moja: maji yamekupwa, familia inazunguka jabali kwenda kijighuba kisicho na watu, inatandika mkeka, na saa mbili baadaye njia ya kurudi iko chini ya maji na nyuma ni ukuta wa mwamba. Jedwali la maji linauzwa dukani kwa bei ya peremende, na simu inalo pia. Geukeni kurudi kabla maji hayajaanza kujaa. Njia ya mawe ya kwenda St Michael's Mount kutoka Marazion nayo hufunguka maji yakipwa tu. Yakijaa ni boti.

Siku ya mvua watu huenda Eden Project, iliyofunguliwa 2001 ndani ya shimo la zamani la udongo mweupe karibu na St Austell. Kuba moja ni msitu wa joto. Mgeni wa Bukoba atalipa kiingilio kwenda kutazama migomba, na atafurahi, kwa sababu ndani kuna joto.

Panapokwama. Mbali na barabara, ni bei: wiki ya Agosti mara nyingi ni maradufu ya Novemba au zaidi, na nyumba nzuri huondoka miezi mingi kabla. Shakwe watakupokonya chipsi mkononi. Ukiwa bandarini kula umeegemea ukuta.

Inawafaa: familia zenye vijana, wenye wiki nzima, wenye magoti mazima.

Pwani ya kaskazini ya Norfolk

Kufika. Mkoa mzima hauna barabara kuu ya mwendokasi. London hadi Wells-next-the-Sea ni kama saa 3 kwa gari, na matrekta ndiyo yanayopanga mwendo. Kutoka Leicester hadi King's Lynn ni takriban saa 2. Treni ya King's Cross hukufikisha King's Lynn chini ya saa 2, kisha mabasi hufuata pwani kupitia Hunstanton na Wells hadi Sheringham na Cromer, kwa kubadilisha Wells.

Nyumba. Za matofali na mawe meusi ya gumegume, na mabanda mengi ya shamba yaliyogeuzwa nyumba za chini zisizo na ghorofa. Hili lina uzito kuliko linavyosikika. Kwa mama mwenye miaka 75, nyumba ambayo chumba, choo na jiko viko sakafu moja ndiyo likizo yenyewe. Ardhi ni tambarare, kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vinasukumika, na baiskeli hazihitaji misuli.

Jiko na duka. Wells, Hunstanton na Fakenham zina maduka ya kutosha. Vijiji vidogo vina kaduka tu, na mapema kinafungwa. Kaa wa Cromer huuzwa ameshachambuliwa ndani ya gamba lake. Nyama ya halali inunuliwe Peterborough, ambayo iko njiani kwa anayetoka Midlands (mikoa ya katikati ya nchi), au Norwich, penye misikiti pia.

Jua na mvua. Mvua ni kidogo kuliko Cornwall kwa mbali, ila upepo wa Bahari ya Kaskazini unaingia hadi kwenye mifupa hata Julai. Holkham ni mchanga mtupu na misonobari nyuma yake. Maji yakipwa, bahari inakuwa mstari wa mbali. Kutoka Morston boti huenda kutazama sili (mamalia wa baharini) wa Blakeney Point, na sili wa kijivu huzaa kati ya Novemba na Januari, hivyo safari ya baridi ina sababu. Hunstanton inatazama magharibi ingawa iko upande wa mashariki wa nchi, na jua huzama baharini mbele ya majabali ya tabaka nyekundu na nyeupe. Mvua ikinyesha, kuna jumba la Holkham, au Norwich.

Panapokwama. Mchanga tambarare una hila zake. Maji hayaji kwa mbele tu. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, na unajikuta kwenye kisiwa. Ufuo wa Wells una king'ora kinacholia maji yanapoanza kujaa. Kikilia mnaondoka, hamsubiri kumaliza mchezo. Sheringham na Cromer zina kokoto nyingi, leteni viatu vya maji. Vijana wa miaka 15 watasema hakuna kitu cha kufanya, na kwa vipimo vyao hawajakosea sana.

Inawafaa: wazee, watoto wadogo, wapenda ndege, familia mbili zinazochanga nyumba moja.

Sasa ukodi ipi?

Wazazi wamekuja kwa viza ya matembezi na mmoja anatembea kwa fimbo: Norfolk, nyumba isiyo na ghorofa. Andika kwa mwenye nyumba uulize kama bafu ni la kuingia kwa miguu au ni beseni la kuruka ukingo, kwa sababu neno "bafu" kwenye tangazo linabeba yote mawili.

Huna gari: Moreton-in-Marsh, au St Ives kwa treni. Norfolk bila gari inawezekana, lakini utaishi kwa ratiba ya basi.

Una Ijumaa hadi Jumatatu: Cotswolds kwa wa London na Birmingham, Norfolk kwa wa Leicester na Peterborough. Cornwall iache hata kama bei ya usiku tatu inavutia. Siku mbili utazimaliza kwenye usukani.

Vijana wanaotaka mawimbi: Cornwall ya kaskazini, wiki ya mwisho ya Agosti ikiwezekana, maji yakiwa na joto lake lote.

Bajeti ni ndogo: Jumatatu hadi Ijumaa nje ya likizo za shule, sehemu yoyote kati ya hizi. Ila ukimtoa mtoto shuleni kwa siku 5 bila ruhusa, tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na 160 baada ya hapo. Watoto watatu na wazazi wawili ni pauni 480, na punguzo lote limekwisha.

Desemba: Cotswolds penye moto wa kuni, au Norfolk kwa ajili ya sili. Jua huzama kabla ya saa 10 jioni au muda mfupi baadaye, kwa hiyo fikeni mapema. Kisanduku cha ufunguo chenye namba za kubonyeza, kwenye njia isiyo na taa, kinahitaji tochi.

Kabla ya kulipa arubuni, ambayo kwa kawaida ni robo au theluthi, na salio wiki 8 hadi 10 kabla ya kuingia, tuma maswali matano kwa maandishi: vitanda viko chumba gani, jiko ni la aina gani, gari linalala wapi, umeme na kuni vimo kwenye bei, na kitanda cha mtoto kina shuka au uje na lako.